Harufu ya petroli isiyoisha ndani ya Corolla 110: anzia chini ya kiti cha nyuma

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. Tangu mwezi wa tatu gari linanuka petroli ndani. Nikijaza tangi harufu inakuwa kali kwa siku mbili tatu, halafu inapungua, lakini haiishi kabisa. Chini ya gari sioni hata tone. Fundi wa kwanza alibadilisha chujio la mafuta, harufu ikabaki. Wa pili akaniambia gari limezeeka, nizoee. Mwanangu wa miaka minane hukaa kiti cha nyuma na sasa analalamika kichwa na kichefuchefu. Nianzie wapi? Nisisahau: mwezi wa pili nilibadilishiwa pampu ya mafuta kwa sababu gari lilikuwa linazima njiani.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanza na yule fundi wa pili, maana maneno yake ndiyo yaliyonifanya nikujibu kwa kirefu. Gari halinuki petroli kwa uzee. Mfumo wa mafuta wa Corolla yako umefungwa: kuanzia kifuniko cha kujazia hadi ncha ya nozeli inayopulizia mafuta kwenye injini, petroli na mvuke wake havina njia ya kutokea isipokuwa kwenda kuungua ndani ya injini. Gari hilo halikuwa linanuka lilipotoka kiwandani, na likirekebishwa sawasawa leo halitanuka. Ukisikia harufu, kuna mahali pamefunguka. Anayekuambia uzoee anakuambia uzoee hatari ya moto.

Sasa mtoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai ukapotea. Unatuama sakafuni na chini ya viti, na mtoto wa miaka minane pua yake iko karibu na huko kuliko yako. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani kwa anayeivuta kwa muda mrefu. Kichwa na kichefuchefu chake si uongo wa watoto. Naomba asipande gari hilo mpaka kazi iishe. Ikibidi kabisa, vioo vyote vinne viwe chini na safari iwe fupi.

Na moto wenyewe: petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Morogoro. Hewa ikiwa na mvuke kiasi cha asilimia 1.4 tu, cheche moja inatosha. Pua huikamata harufu mapema sana, kabla kiwango hicho hakijafika, na ndiyo maana umeendesha miezi yote hii salama. Lakini ukiona petroli yenyewe, yaani unyevu, tone, au mpira uliolowa, popote pale, zima gari, ondoa mguu mmoja wa betri ule wa hasi, na usiliwashe tena mpaka fundi afike lilipo. Kama unaliegesha ndani ya ua, lisilale karibu na jiko la mkaa wala jenereta.

Turudi kwenye harufu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona watu wakinunua pampu, nozeli, chujio, hata tangi zima, kisha harufu ikabaki palepale, kwa sababu walianza na spana kabla ya kuuliza maswali. Harufu ya petroli ina saa zake. Ukijua inakuja lini na kuondoka lini, umeshajua nusu ya mahali inapotoka.

Ikija asubuhi injini ikiwa baridi, mara tu baada ya kuwasha, kisha ikapotea gari likipata moto, natazama oringi za nozeli, yaani vipete vya mpira vya kuzibia, na maungio ya bomba la mafuta juu ya injini. Mpira uliokakamaa husinyaa usiku, ukapitisha kidogo, kisha ukatanuka tena kwa joto. Ikija baada ya kuzima gari, ukiwa umesimama karibu na boneti, basi kuna presha iliyobaki kwenye bomba inayotafuta pa kutokea, au mkebe wa mkaa unaomeza mvuke wa tangi umeshiba. Ikiingia ukifungua feni ya dashibodi tu, iko mbele, kwa sababu hewa ya feni hunyonywa pale chini ya kioo cha mbele, nyuma kidogo ya boneti. Ikiwa ni harufu inayochoma macho, yenye moshi ndani yake, hiyo si petroli mbichi bali ni egzosi: injini inakula mafuta kupita kiasi, au masega, kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la egzosi, yaling'olewa, na moshi unanyonywa kupitia mpira mbovu wa mlango wa buti. Hizo ni harufu mbili tofauti kabisa, na ni vizuri ujizoeze kuzitenganisha. Petroli mbichi hunuka kama ulivyosimama sheli. Egzosi hunuka kama ulivyosimama nyuma ya daladala.

Yako inakuja ukijaza tangi, na anayeumwa ni anayekaa nyuma. Hii inaniondoa mbele ya gari karibu kabisa. Presha iliyo kwenye bomba la mbele haijui kama tangi limejaa au liko robo. Pampu inasukuma kwa nguvu ileile. Kinachobadilika tangi likijaa ni kimoja tu: petroli inafika juu. Kwa hiyo natafuta tundu lililo juu ya tangi. Na juu ya tangi kuna vitu vinne ambavyo mtu anaweza kuvikosea: kifuniko cha pampu, mipira ya kupitisha mafuta na mvuke, shingo ya kujazia, na kifuniko chako cha nje. Ukiongeza kwamba pampu ilibadilishwa mwezi wa pili na harufu ikaanza mwezi wa tatu, mimi mwalimu sihitaji kuliona gari ili nikuambie pa kuanzia.

Unajiuliza mbona hakuna tone. Tangi la Corolla yako limekaa chini ya kiti cha nyuma, na sehemu ya juu ya tangi imebanana na sakafu ya gari. Petroli ikipenya kidogo pale juu hutambaa kwenye bati lililopata joto na kukauka kabla haijafika ukingoni. Haidondoki, inageuka mvuke. Kisha fikiria unavyojaza. Petroli iliyohifadhiwa ardhini sheli ni ya baridi. Unaijaza, unaegesha juani shuleni, inapata joto. Petroli hutanuka karibu elfu moja ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja. Lita 50 zikipanda nyuzi 10 zinaongezeka karibu nusu lita. Nusu lita hiyo inataka nafasi, na ikikuta gasketi, yaani mpira wa kuzibia kifuniko cha pampu, imekaa vibaya, inajisukuma pale. Siku ya tatu umeshatumia lita kadhaa, kiwango kimeshuka, harufu inapungua. Ndicho hasa unachokiona wewe.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya, au ndivyo ungemsimamia fundi afanye. Kazi hii inafanyika nje, kivulini, siku gari lina mafuta chini ya nusu. Asiwepo mtu mwenye sigara. Kizimamoto cha unga kiwe pembeni, si ndani ya buti. Taa iwe tochi ya betri. Ile balbu ya umeme wa nyumbani inayoning'inizwa kwa waya sitaki kuiona karibu na petroli, kwa sababu ikianguka na kupasuka, waya wake unaowaka ndiyo kiberiti chenyewe.

Nyanyua kiti cha nyuma cha kukalia. Hakina kazi kubwa, kinashikwa mbele na vishikio vinavyoachia ukivuta juu kwa nguvu. Chini yake, ukikunja kapeti, utaona kibati kilichofunika tundu la sakafu, na waya unaopita katikati yake. Simama hapo kwanza. Usifungue. Inamisha uso, nusa. Kisha tazama pembezoni mwa hicho kibati. Kiwandani kilibandikwa kwa utepe mweusi laini unaonata, na kazi ya utepe huo ni kuzuia chochote kilicho juu ya tangi kisiingie ndani ya gari. Fundi aliyebadilisha pampu alilazimika kukibandua. Swali ni kama alikirudisha na utepe mpya, au alikibonyeza tu kwa mkono akarudisha kapeti. Mara nyingi nakuta kimeachwa wazi upande mmoja, au skrubu mbili hazipo. Hilo peke yake halitengenezi harufu, lakini linaifungulia mlango.

Nilishawahi kuletewa gari la mama mmoja ambalo lilikuwa limezunguka gereji tatu. Uvujaji wenyewe ulikuwa mdogo, jasho tu kwenye mpira mmoja wa mvuke, na kama sakafu ingekuwa imezibwa asingeusikia kwa mwaka mzima. Lakini mtu aliyefunga king'ora alitoboa sakafu kupitisha waya na hakuziba. Kila mvuke uliotoka chini ulikuwa unapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mwanawe. Tangu siku hiyo, nikitafuta harufu, natafuta vitu viwili: inapotoka na inapoingilia. Ukiziba cha pili bila kurekebisha cha kwanza, umeficha bomu. Ukirekebisha cha kwanza bila kuziba cha pili, vumbi na moshi wa barabarani vitaendelea kuingia. Fanya vyote.

Sasa fungua kibati. Utaona kichwa cha pampu: bamba la mviringo lililoshikwa na skrubu kuzunguka, lenye soketi ya umeme na mabomba ya mafuta, la kwenda na la kurudi. Tazama kabla ya kugusa. Vumbi ndilo shahidi wako mkubwa. Juu ya tangi la gari la mwaka 1998 kunatakiwa kuwe na vumbi kavu, jepesi, la rangi moja. Petroli inayopenya hufanya mambo mawili: mahali inapotoka huosha vumbi pakabaki bati safi, na mahali inapokomea hugandisha vumbi likawa kama tope jeusi lililokauka. Ukiona mwezi mweusi kuzunguka upande mmoja wa bamba, umeshalipata tatizo lako.

Usipoona kitu, tumia chaki. Wewe mwalimu unayo darasani. Saga kipande cha chaki nyeupe kiwe unga, futa bamba na kingo zake kwa kitambaa kikavu, kisha paka unga huo kwa brashi ndogo juu ya gasketi, juu ya kila ungio la mpira na kuzunguka soketi ya waya. Rudisha kibati bila kukiziba, jaza tangi, endesha kawaida siku moja kisha fungua tena. Chaki kavu hubaki nyeupe. Iliyoguswa na petroli hulowa ikawa ya kijivu, na hata ikikauka huacha alama yenye ukingo. Chaki haidanganyi na haichoki kama pua. Nasema pua huchoka kwa sababu ndivyo ilivyo: ukikaa kwenye harufu kwa dakika chache tu ubongo unaacha kuihesabu, na ndiyo maana mafundi wengi waliojifungia ndani ya gari wakinusa hutoka wakisema "haipo". Mtu wa kunusa ni yule ambaye bado hajaingia ndani ya gari asubuhi hiyo.

Nikikisia, utakuta moja kati ya haya. Gasketi ya zamani ilirudishwa. Mpira ulioloweshwa na petroli kwa zaidi ya miaka 20 huvimba. Ukishautoa haurudi kwenye umbo lake, na ukilazimishwa unajikunja mahali. Gasketi mpya ya kichwa cha pampu ni kitu kidogo sana kwa bei ukilinganisha na pampu yenyewe, lakini ndiyo inayorukwa. Au utakuta silikoni. Hili linaniumiza sana, kwa sababu ni mazoea ya gereji nyingi: gasketi imevimba, basi inapakwa silikoni ileile ya kuzibia sampu, bakuli la oili chini ya injini. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Inavimba, inalainika, baada ya wiki chache inabanduka kama ngozi ya samaki aliyechemshwa, na vipande vyake vinaweza kudondokea ndani ya tangi vikazibe chujio dogo la pampu. Pampu mwezi wa pili, harufu mwezi wa tatu: muda huo unaendana na silikoni kabisa, ingawa unaendana pia na gasketi iliyojikunja.

Au skrubu zilikazwa vibaya. Bamba lile linakazwa kidogo kidogo kwa kuvuka, huku na huku, kama unavyokaza nati za tairi. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho ndipo uende mwingine, bamba linainama na upande wa pili haukai tena. Au mpira mfupi unaotoka kwenye bamba umebadilishwa na mpira usio wa kazi hiyo. Mipira ya mafuta si sawa yote. Kwa gari la nozeli, lenye presha ya karibu psi 40 (psi ni kipimo cha presha, kile cha tairi), tafuta mpira ulioandikwa SAE J30R9. Ulioandikwa R7 ulitengenezwa kwa presha ndogo ya magari ya kabureta, na mpira wa maji usiguse petroli hata kidogo. Ule unaozama ndani ya tangi lenyewe, kati ya pampu na bamba, ni aina nyingine tena, R10, kwa kuwa R9 iliyozamishwa huliwa kutoka nje, upande ambao haukukingwa. Maandishi yamechapwa ubavuni mwa mpira. Yasome mwenyewe kabla haujafungwa.

Kabla fundi hajafungua bomba lolote, presha itolewe. Kwenye gari lako ni rahisi: chomoa soketi ya umeme ya pampu hapohapo chini ya kiti, washa injini, iache inguruma mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Piga starta mara moja zaidi. Kisha zima, ondoa hasi ya betri, funika ungio kwa kitambaa, legeza taratibu. Anayefungua bomba bila kufanya hivyo hurushiwa petroli usoni.

Ikiwa kichwa cha pampu ni kikavu na chaki imebaki nyeupe, shuka kwenye shingo ya kujazia. Hapa sina mengi: ni bomba la chuma linaloishia kwa mpira mnene, limepita nyuma ya tairi la nyuma ambako tope hurushwa kila mvua. Chuma huoza pale linapokutana na klipu, mahali usipopaona bila kutoa kinga ya plastiki ya tairi. Dalili yake ni kwamba harufu huwa kali nje ya gari kuliko ndani, na hukolea dakika chache baada ya kujaza. Kifuniko cha nje nacho kina mpira wake. Ukiwa na mpasuko au umelala bapa kama sarafu, nunua kifuniko kipya kinacholingana na gari, si kile cha kuazima chenye kufuli.

Nakuuliza pia unavyojaza. Bomba la sheli likikata lenyewe, unaongeza? Wengi hufanya hivyo ili bei iwe namba kamili. Tangi limeachiwa nafasi juu kwa makusudi, kwa ajili ya ule mtanuko niliokuambia. Ukiijaza nafasi hiyo, petroli ya majimaji, si mvuke, inaingia kwenye bomba la mvuke na kwenda mpaka kwenye mkebe wa mkaa ulioko chumba cha injini. Mkebe huo una punje za mkaa zinazoshika mvuke wakati gari limezimwa, kisha injini ikiwaka inaunyonya na kuuchoma. Ukilowa kwa petroli ya maji, mkaa unashiba na mkebe unabaki ukinuka wiki nzima. Uking'olewa na kutikiswa ukasikika unacheza maji, au ukiwa mzito isivyo kawaida, umeharibika. Usikubali ushauri wa kuutupa na kuacha mpira wazi. Hapo umeamua gari linuke milele.

Fundi wa kwanza, yule wa chujio, simlaumu kwa nia, lakini naye aangaliwe. Chujio la 5A liko chumba cha injini na bomba lake limefungwa kwa bolti yenye tundu, na kila upande wa ungio kuna washa laini ya shaba. Washa hizo hubonyea mara moja tu. Zikirudiwa, huweza kutoa jasho la petroli ambalo injini ya moto inalikausha mara moja. Weka chaki pale pia, maana gari lililopita mikono mitatu linaweza kuwa na makosa mawili.

Ukiwa huko mbele, fanya majaribio mawili yasiyohitaji hela. Vuta kijiti cha kupimia oili, kinuse. Oili ikinuka petroli waziwazi, au kiwango chake kinapanda badala ya kushuka, kuna nozeli inayovuja ndani ya injini. Usiendeshe, oili nyepesi inakula beringi. Pili, kwenye mwisho wa bomba la nozeli kuna kidhibiti presha, kama kisahani cha chuma chenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Chomoa mpira huo mwembamba. Unatakiwa uwe mkavu. Ukitoka na petroli, ngozi ya ndani imepasuka, kidhibiti kibadilishwe.

Kuna njia moja ninayoipenda pale maeneo ya kushuku yanapokuwa mengi na kila mtu ameshachoka kunusa. Kata vipande vya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila manukato. Jioni injini ikishapoa, funga kipande kimoja kwenye kila ungio unaloshuku: kichwa cha pampu, shingo, chujio, mkebe. Liache gari likiwa limezimwa usiku kucha. Alfajiri toa kila kitambaa, kitie kwenye chupa yake ya kioo yenye kifuniko, kama ile ya jamu, andika namba. Nenda mbali na gari, kunywa chai, kisha mpe jirani afungue chupa moja moja. Atakuonyesha bila kusita. Nimetatua kwa chupa magari ambayo mashine ya moshi haikuyatatua.

Mashine ya moshi nayo ni nzuri, ukipata gereji yenye nayo. Inapuliza moshi ndani ya tangi kwa presha ndogo mno, kama nusu psi, na moshi unatokea pale penye tundu. Lakini usikubali mtu achukue mpira wa kompresa ya tairi na kuuchomeka kwenye tangi lako ili "asikie linapolia". Tangi si tairi. Linatuna, mishono inaachia, na mvuke unaosukumwa nje ni ule unaotafuta cheche.

Na ikitokea tangi lenyewe limetoboka kwa kutu, watu watakupa tiba mbili. Ya kwanza ni kusugua sabuni ya mche kwenye ufa. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, hivyo inashika kweli, na imewafikisha wengi nyumbani. Inaishia hapo: kukufikisha nyumbani. Mvua moja inaiosha. Tiba ya pili ni kuchomelea. Tafadhali, usiruhusu. Tangi lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu sasa lina mvuke na hewa pamoja, na kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi kuondoa petroli iliyojificha kwenye mishono. Wachomeleaji wamekufa kwa tangi ambalo wote walikubaliana kuwa ni tupu. Tafuta tangi lingine zima. Corolla 110 zilizokatwa kwa vipuri zipo nyingi.

Kwa wasomaji wengine wenye magari ya kabureta, Datsun, Peugeot 504 na Corolla za zamani zaidi, ramani ni nyingine: angalia kwanza sindano na boya la kabureta linalofurika, gasketi ya kifuniko chake, na pampu ya mafuta isiyo ya umeme, inayosukumwa na injini yenyewe, iliyofungwa ubavuni mwake. Pampu hiyo ina kitundu kidogo chini. Kikitoa petroli, ngozi yake imepasuka, na pengine imeshaanza kumwagia kwenye oili.

Nirudi kwako, mwalimu. Nunua kwanza gasketi mpya ya kichwa cha pampu, utepe wa kuzibia kibati cha sakafu, na klipu mpya za mipira ya juu ya tangi. Usinunue kingine chochote mpaka umeona vumbi au chaki imekuonyesha. Fundi akifungua, mwambie asafishe kingo za tangi zibaki chuma kitupu, bila mabaki ya silikoni, na afunike tundu la tangi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi wakati anasafisha. Gasketi ikae kavu, bila kupakwa kitu. Kabla ya kurudisha kibati, awashe gari mara tatu akilizima, huku mmetazama maungio kwa tochi. Ndipo kibati kizibwe kwa utepe pande zote, pamoja na kipira kinachopitisha waya.

Kapeti na sponji ya kiti vimekunywa mvuke miezi yote hii, navyo vitanuka siku kadhaa hata baada ya kazi kwisha. Usije ukadhani umeshindwa. Vitoe, vioshe kwa sabuni, vianike juani mpaka vikauke kabisa, na uendeshe siku hizo bila kapeti. Kisha jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe, acha hapo. Egesha kivulini, funga vioo vyote, lala. Asubuhi usilifungue wewe. Mwombe mtu ambaye hajawahi kupanda gari hilo afungue mlango wa nyuma, ainamishe kichwa kwenye sakafu, avute pumzi. Rudia tangi la pili likijaa. Akikuambia mara zote mbili kwamba hasikii kitu, na chaki uliyopaka upya imebaki nyeupe, mwite mwanao apande.